Kuvuta Faili na Kuinakili ni Mambo Mawili

Kwetu huku Fizi na Baraka kitabu cha majina ni kitu cha maana sana. Katika vita vya 1996 na vya 1998 familia nyingi zilivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Waliorudi, wengi walirudi bila karatasi hata moja. Mtu wa namna hiyo akitafuta ushuhuda wa ndoa yake, au umri wa mtoto kwa ajili ya masomo, mara nyingi anaanzia kwa mchungaji. Na siku hizi majina hayo tumeanza kuyaweka katika kompyuta. Ndiyo sababu napenda tuongee juu ya jambo dogo: kushika faili kwa kipanya, kuivuta, na kuiachia mahali pengine.

Vijana wengi wanajua kuvuta. Wachache wanajua kwamba mkono ni mmoja lakini kazi ni mbili. Katika kompyuta za Windows, ukivuta faili kutoka dosie moja hadi nyingine ndani ya diski ile ile, faili inahama. Kule ilikotoka haiko tena. Lakini ukiivuta kutoka kompyuta kwenda kwenye flashi, inanakiliwa: moja inabaki, nyingine inaenda. Ni kama dhahabu na wimbo. Ukimimina dhahabu kutoka kopo hili hadi lile, la kwanza linabaki tupu. Ukinakili wimbo katika daftari la mwenzako, daftari lako halipungui neno.

Siku moja kijana anayetusaidia ofisini alikuja mbio, jasho linamtoka. “Pasta, wabatizwa wote wamepotea!” Na mama mmoja kutoka Misisi alikuwa kwenye benchi, anangoja cheti cha mtoto wake. Nikamwambia: “Mwanangu, usiguse kitu kingine. Bonyeza Ctrl na Z pamoja.” Dosie ikarudi. Kumbe kidole kilikuwa kimeteleza, akaiangusha ndani ya dosie ya pembeni. Haikupotea, ilihamia tu kwa jirani. Mama akapata karatasi yake, akaenda.

Basi vijana, shikeni haya:

Kwanza, ukitaka kunakili kwa hakika, vuta faili huku umeshika kibonye cha Ctrl. Utaona alama ndogo ya +. Achia kipanya kwanza, ndipo uachie kibonye.

Pili, ukitaka kuhamisha kweli, hata kwenda kwenye flashi, shika kibonye cha Maj, kile chenye mshale unaotazama juu.

Tatu, kama una mashaka, vuta kwa kubonyeza upande wa kuume wa kipanya. Ukiachia, kompyuta yenyewe itakuuliza: ninakili, nihamishe, ao niweke njia ya mkato tu? Mimi napenda hii kuliko zote, maana inampa mtu nafasi ya kufikiri.

Nne, ukiona katikati ya safari kwamba unaenda pabaya, usiachie kidole. Bonyeza Échap. Faili itabaki pale ilipokuwa.

Angalisho moja: faili ya flashi ukiivuta mpaka kwenye pipa la takataka, kwa kawaida haikai ndani ya pipa. Inafutwa moja kwa moja. Kompyuta ikikuuliza kama una hakika, soma kwanza, usikimbilie kujibu ndiyo.

Kompyuta inaweza kuibiwa. Flashi inaweza kuanguka ziwani. Majina ya watu yasikae mahali pamoja tu: nakili mbili, nyumba mbili.

Juma hili, kijana, tengeneza faili isiyo na kazi, uijaribu njia hizi zote nne. Halafu nenda umwonyeshe karani wa kanisa lenu, kwa heshima, hata kama ni mzee kuliko baba yako.