Tulikwenda Kisarawe kuchuma maembe wenyewe

Watoto wengi wa Kipawa wanalijua embe likiwa kwenye fungu: matano juu ya turubai kando ya barabara, vumbi la daladala juu yake. Mti hawaujui. Jumamosi moja ya Desemba niliwachukua watoto wawili wa dada yangu, wa miaka minne na tisa, tukaenda kuchuma.

Njia ni rahisi. Unapanda gari Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu, unashuka Gongo la Mboto, unaunganisha hadi Kisarawe. Ukipita Pugu unaanza kusikia ubaridi wa msitu. Kutoka hapo ni bodaboda.

Ulaya na Marekani kuna mashamba yaliyoifanya kazi hii biashara: unapewa kapu getini, unachuma, unapimiwa kwenye mzani. Kwetu unapiga hodi kwa mwenye shamba na kukubaliana bei ya ndoo. Mzee aliyetupokea alitoza chini ya bei ya Buguruni, na walichokula watoto palepale hakukihesabu.

Yule mdogo nyumbani husukuma kila tunda na kudai juisi ya boksi. Pale alimaliza dodo mbili alizotungua kwa mti mrefu wenye kifuko, mzee akiwa amemshikia. Sitasema amebadilika, Jumatatu alidai juisi yake kama kawaida. Lakini maembe aliyochuma yeye aliyakumbuka kila jioni hadi yakaisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za matunda na mboga kwa siku, na wa miaka 6 hadi 9 gramu 350. Dodo moja kubwa linabeba sehemu nzuri ya kiasi hicho.

Mzee alitufundisha kulitambua embe lililokomaa: mabega yake hujaa karibu na kikonyo. Mjini baadhi ya wauzaji huivisha machanga kwa kalsiamu kabaidi, ileile ya mafundi wa kuchomelea, ambayo inaweza kuwa na mabaki ya aseniki. Ganda linakuwa la njano, ndani gumu na chachu.

Wazazi, kuna ya kuangalia. Utomvu unaotoka kwenye kikonyo huunguza ngozi, hivyo kata mbali na uso wa mtoto na umnawishe kwa sabuni. Korosho mbichi asiitafune kamwe. Mafuta ya ganda lake huchoma mdomo. Kupanda mti mkatalie, hata akilia. Beba maji safi ya kuoshea matunda, na uliza kama shamba limepuliziwa dawa karibuni. Pale mzee alicheka, akatuonyesha majimoto kwenye majani. Wanauma kweli (mwenye miaka tisa ana ushahidi shingoni), ila wanakula wadudu waharibifu, kwa hiyo yeye hawaui.

Ng'ambo ya ua wake kulikuwa na vigingi vya viwanja vilivyopimwa. Jirani ameshauza, miembe imekatwa. Mzee anasema naye wanamfuata kila wiki.

Machungwa yake huwa tayari kuanzia Mei. Mpigie mwenye shamba kabla ya kutoka, na mwende asubuhi, jua likiwa bado dogo.