Maneno Yaliyokuwa Mkononi mwa Ami

Katika makongamano yetu ya Kiswahili, hakuna mada inayowasha moto haraka kama istilahi. Mmoja atasimama kuitetea tarakilishi, mwingine ataipigia debe kompyuta, na pembeni hakosekani mkongwe wa fani atakayetukumbusha kwamba palikuwapo pia ngamizi. Nimeshiriki mijadala hiyo na kuifurahia. Hata hivyo, mwaka wa 2022 nilijipata mahali ambapo istilahi hupimwa kama bisibisi inavyopimwa: ama inaingia kwenye parafujo, ama haiingii. Mahali penyewe ni karakana ya ami yangu, iliyo nyuma ya nyumba yake viungani mwa mji wa Thika, na kazi iliyokuwapo ilikuwa kuigeuza mashine ya kuchongea chuma, iliyozoea kuendeshwa kwa mikono, ili iendeshwe na tarakilishi.

Yafaa nianze na jina la mashine, maana hapo ndipo taabu zilipoanzia. Waingereza huiita kwa neno lile lile wanalolitumia kwa kusaga nafaka. Fasiri ya pupa itatupa "mashine ya kusaga", na jirani akilisikia jina hilo atakuja na debe la mahindi. Hayo yameshatokea kwa ami, si mara moja. Kinachochekesha zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya riziki yake hutoka kwenye vinu vya posho: yeye ndiye huchonga kwenye shafti za vinu hivyo mfereji mwembamba wa kukalia kabari, ile inayoishika gurudumu la mkanda lisizunguke bure. Mashine yake haisagi chochote. Ina kisu chenye meno kinachozunguka pahali pamoja, nacho chuma kilichobanwa kwenye jiliwa juu ya meza hupelekwa kwenye kisu hicho kidogo kidogo. Kerezo hukizungusha chuma ilhali kisu kimetulia. Hapa mambo ni kinyume. Magurudumu matatu ya mkono huiongoza kazi: moja huisogeza meza kushoto na kulia, la pili mbele na nyuma, na la tatu hulipandisha na kulishusha goti, yaani sehemu nzito inayoibeba meza yote. Ni mashine ya muundo ulioanza kutengenezwa mwaka wa 1938 mjini Bridgeport, Marekani, na ulioigwa kote duniani. Goti ni neno la ami mwenyewe. Sikulibuni mimi.

Mwaka wa 2021 ami alipatwa na kiharusi. Alipona kwa kiasi cha kumshukuru Mungu, lakini mkono wa kushoto ulibaki dhaifu na vidole vyake vikawa havifungiki sawasawa. Mashine ya namna hii huhitaji mikono miwili: mmoja wa kusukuma meza, mwingine wa kurekebisha kina. Kwa miezi kadhaa karakana ilifungwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika mara mbili, akaikagua mashine na kutaja bei ya kilo. Ami hakumjibu kwa hasira. Alimkaribisha chai tu. Nyumbani, hata hivyo, sote tulijua kwamba karo ya mwanawe wa mwisho ilikuwa ikitegemea chuma kile, na kwamba mnunuzi akija mara ya tatu huenda angepewa jibu alilolitaka.

Aliyeleta wazo la tarakilishi ni binamu yangu, kifungua mimba wa ami, aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi. Alimweleza babake kwamba kila gurudumu laweza kuondolewa na mahali pake pakawekwa mota, na mota hizo zikapokea amri. Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko wengi wetu. John Parsons wa Traverse City, Michigan, aliyekuwa akishughulika na mapanga ya helikopta, alishirikiana na mhandisi Frank Stulen kupiga hesabu za umbo lile kwa nukta nyingi zilizofuatana; na mwaka wa 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine ya kuchonga iliyosoma amri zake kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Wakati huo lilikuwa jambo la majeshi na viwanda vya ndege. Siku hizi mtu mwenye subira anaweza kulifanya nyumbani, kwa mota zilizoagizwa kutoka Uchina, tarakilishi kuukuu ya mezani, na programu ya bure iitwayo LinuxCNC, ambayo asili yake ni mradi wa miaka ya 1990 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Tarakilishi yetu ilitoka kwenye duka la intaneti lililofunga milango. Ukuukuu wake ulikuwa sifa, kwa kuwa bado ilikuwa na lile tundu pana la nyuma lililotumiwa zamani kwa printa, ambalo programu hiyo hulitumia kutuma mapigo kwa mota.

Mimi niliitwa kuandika. "Wewe ni mtu wa maneno," ami aliniambia. "Huyu dada yako ananiuliza mambo ambayo sijawahi kuyasema. Kaa hapa, nikisema uyashike."

Kauli hiyo niliipuuza mwanzoni, nikidhani ni ya kunipa kazi tu nisikae bure. Ubavuni mwa mashine, maana yake ilijitokeza. Mota tulizonunua ni za hatua: shafti haizunguki kwa mfululizo, bali hupiga hatua 200 ili kukamilisha mzunguko mmoja. Kifaa cha kuiendesha huigawa kila hatua mara nane, hivyo mzunguko mmoja huwa na vijihatua 1,600. Parafujo ikiisukuma meza milimita 5 kwa kila mzunguko, basi milimita moja ni vijihatua 320. Binamu aliziandika hesabu hizi ukutani kwa chaki. Ami alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Na ikirudi?"

Hatukumwelewa hadi siku ya jaribio la kwanza. Kisu kilitolewa, kalamu ikafungwa mahali pake, karatasi ikabandikwa mezani, na tarakilishi ikaamriwa ichore duara la milimita 100. Mota zililia kwa sauti ya kuimba, meza ikasogea pasipo mkono wa mtu, na shangazi aliyekuwa mlangoni akapiga vigelegele. Ami aliitoa karatasi, akaipeleka kwenye mwanga. Duara lilikuwa zuri kwa macho yangu. Yeye akaweka kidole juu, chini, kushoto na kulia: mahali panne ambapo mstari ulikuwa umenyooka kidogo pasipofaa kunyooka. "Hapa imesita," akasema. "Na hapa. Na hapa."

Waama, kila parafujo iliyochakaa ina nafasi baina ya meno yake na ya nati yake. Ukiigeuza irudi nyuma, huzunguka kwanza bila kuisogeza meza, mpaka meno yagusane upande wa pili. Kwenye duara, kila mhimili hugeuka mara mbili, na ndiyo sababu ya madoa manne. Kipimo chenye mshale kilituonyesha kwamba kwenye gurudumu moja nafasi hiyo ilikuwa milimita 0.4. Kwa shafti ya kinu, hiyo ni tofauti kati ya kabari inayokaza na kabari inayogonga hadi ivunje shafti.

Ami alikuwa ameishi na kasoro hiyo miaka zaidi ya ishirini, na kazi zake hazikuwa na kasoro! Alifanyaje? Alikuwa akiipita alama kwa makusudi, kisha anairudia kutoka upande ule ule kila mara, ili meno yawe yamegusana kabla hajaanza kukata. Hakuwahi kumwambia mtu. Wanagenzi wake waliiga mkono wake bila kujua wanaiga nini. Tarakilishi haiwezi kuiga mkono, lazima iambiwe. Na ili iambiwe, ilibidi ami aseme.

Nililiandika neno lake: kusita. Katika mihadhara ningependekeza ulegevu, na pengine mwenzangu angenipinga kwa kupendekeza mchezo. Lakini ulegevu unaweza kuwa wa nati, wa meza au wa mkanda, ilhali kusita ni kwa parafujo inayogeuka, basi. Neno la ami linataja wakati wenyewe ambapo kasoro hutokea. Tulipopata parafujo za gololi, ambazo nati yake imejaa vijigololi vinavyobana pande zote, milimita 0.4 ilipungua hadi kiasi ambacho programu iliweza kukifidia. Parafujo ya goti hatukuibadilisha. Ami alikataa, akisema goti halisiti kwa kuwa uzito wake wenyewe huyalaza meno upande mmoja daima. Binamu alipima na kukuta ni kweli.

Siku zilizofuata maneno yalitiririka. Kuna kuchonga kwa kupinga, ambapo chuma husukumwa dhidi ya mwendo wa meno, na kuchonga kwa kufuata, ambapo chuma huenda na meno. Kwenye mashine inayosita, kufuata ni hatari: meno hulivuta chuma ghafla, meza huruka nafasi ile ya kusita, na kisu huvunjika. Hayo pia yalikuwa mkononi tu. Siku moja binamu alipiga hesabu ya mwendo wa kisu cha milimita 12 kwa chuma laini, kwa kasi ya meta 25 kwa dakika, akapata mizunguko 663. Alipokwenda kuurekebisha mkanda aliukuta tayari uko kwenye kapi la 660. Ami alikuwa ameuweka hapo asubuhi, kwa kusikiliza.

Amri ambazo mashine huzisoma hazina lugha. G1 ni kwenda kwa mstari mnyoofu ukikata, M3 ni kuzungusha kisu, M5 ni kukisimamisha. Mwingereza na Mgikuyu huzikuta ngeni sawasawa. Lakini upo mlango mmoja: chochote kilichotiwa ndani ya mabano, mashine hukiruka. Ni maelezo ya binadamu kwa binadamu. Ami alipoambiwa hivyo aliagiza kwamba pasiwe na mstari mgumu usio na mabano. Ndiyo maana programu za karakana ile zina mistari kama hii: G1 X40 F80 (inapinga, sikiliza hapa). Au: M5 (usitie mkono kabla kisu hakijatulia). Kitufe chekundu cha kusimamisha kila kitu alitaka kiwe upande wa kulia, kwenye mkono wake mzima, na alikijaribu mwenyewe mara kumi kabla ya kukubali kisu kirudishwe.

Sitajifanya kwamba yote ni shwari. Umeme ukikatika, mota husahau zilipokuwa, na chuma kilichokatwa nusu hulazimika kupimwa upya kana kwamba hakijaguswa. Gharama za mota na parafujo bado zinalipwa. Hata hivyo, mnunuzi wa vyuma chakavu hakurudi, na shafti za vinu zinaletwa kutoka hadi Murang'a.

Mwanagenzi mpya amekuja, kijana mwepesi wa tarakilishi ambaye hajawahi kuzungusha gurudumu. Ami hakuyatupa magurudumu ya kale. Alimfungia moja, mota zikiwa zimezimwa, akamwamuru alizungushe huku na huku akiwa amefumba macho, aseme kila meza inaposita. Kwa parafujo za gololi hakuna cha kuhisi, hivyo ile parafujo mbovu ilifungwa kwenye jiliwa pamoja na nati yake, na hilo ndilo somo la wiki ya kwanza.

Daftari langu lina maneno 57 sasa. Hamsini na sita yana maana kando yake. Lililobaki ni sauti ambayo kisu huitoa muda mfupi kabla ya kuvunjika. Binamu alipendekeza kukereketa. Ami akatikisa kichwa, akasema hiyo ni ya kisu butu, na butu si kuvunjika. Nilimwomba aiigize. Alijaribu kwa mdomo, akacheka, akajaribu tena, kisha akaniambia nilete kiti nikae karibu na mashine.