Mataifa Yafikapo Mwaloni Kirumba



Katika nyumba nyingi za Kikristo, baba akiisha kuwaombea watoto, wagonjwa na mvua, humalizia kwa kusema, "Na mataifa yote ya dunia." Wote huitikia Amina, kisha huenda kulala. Maneno hayo ni mema, maana Mtume Paulo alimwagiza Timotheo kwamba Wakristo wawaombee watu wote, hata wafalme na wenye mamlaka. Lakini tukiulizwa mataifa hayo ni yapi, nayo yana shida gani, wengi wetu twanyamaza. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kuwachukua wasomaji wetu mpaka Kirumba, katika mji wa Mwanza, tupate kuyatazama mataifa kwa macho kabla ya kuyaombea kwa midomo.

Kirumba iko upande wa kaskazini wa mji, penye vilima vya mawe makubwa yaliyopandana karibu na ziwa. Watu wa mbali huijua kwa uwanja wake wa mpira, lakini wafanya biashara huijua kwa mwalo wake. Mwalo ndilo jina ambalo watu wa ziwa hupaita mahali pa kuegesha mitumbwi na kushusha samaki. Alfajiri vyombo hufika kutoka visiwani, vimejaa magunia ya dagaa. Dagaa hao huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, mwezi usipoonekana, kisha huanikwa juani. Wapo pia sangara waliotiwa chumvi na kukaushwa, waitwao kayabo. Wachukuzi hupanda na kushuka na mizigo mabegani, mama wauza chai hupita katikati yao, na kelele za mizani hazikomi.

Ukisimama hapo kwa saa moja tu, utasikia Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kihaya na Kijaluo, tena na Kiswahili cha Wakongo, ambacho sauti yake ni ngeni kidogo masikioni mwetu. Magari hupakiwa kwenda Kongo, Rwanda na Burundi. Samaki yule tumwitaye dagaa, Wajaluo wa Kenya humwita omena, na watu wa Uganda humwita mukene. Majina ni mengi, mboga ni moja. Sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, minofu yake huliwa Ulaya, na mabondo yake hununuliwa hata China. Basi mtu wa Kirumba asiseme kwamba mataifa yako mbali. Yamefika mlangoni pake, yanauliza bei.

Ziwa lenyewe latufundisha jambo hilo. Lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800. Karibu nusu yake iko Tanzania, sehemu kubwa ya iliyobaki iko Uganda, na sehemu ndogo iko Kenya. Maji yake hutokea Jinja, yakawa mto Naili, yakapita Uganda, Sudan Kusini na Sudan mpaka Misri. Maji hayana habari ya mpaka, wala samaki hana cheti cha kusafiria.

Hata imani yetu ilipita njia hii ya maji. Mwaka 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans waliondoka Kageye, katika pwani hii ya kusini, wakavuka kwa mtumbwi mpaka Buganda. Mwaka 1882 mapadre walipoona hatari huko, walirudi upande huu wakakaa Bukumbi, karibu na Mwanza, hata mwaka 1885 walipovuka tena. Katika miaka iliyofuata Wakristo vijana wa Buganda walitoa maisha yao kwa ajili ya Kristo, na 22 kati yao, waliokuwa Wakatoliki, walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Tazameni basi: taifa moja liliwapa wajumbe mahali pa kulala, na taifa la pili likatoa mashahidi. Hakuna taifa linalopokea tu bila kutoa.

Lakini ziwa limeleta na huzuni. Mwaka 1994, Warwanda walipouana, maiti zilichukuliwa na mto Kagera mpaka ziwani, na watu wa pwani walizizika bila kujua majina yao. Wengine waliogopa kula samaki. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule, kwa muda wa siku moja hivi, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka mpaka na kuingia Ngara. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi wamezikwa Igoma, katika mji huu huu. Wakati huo sisi ndio tuliokuwa taifa la kuombewa.

Sasa twafika penye neno gumu. Kumwombea mgeni anayenunua dagaa si kazi kubwa. Je, taifa lililotupiga? Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua watu, yakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Vita vikaendelea hata Kampala ikatwaliwa mwezi wa Aprili 1979. Wako wazazi katika nchi yetu ambao watoto wao walikwenda vitani wasirudi. Mzazi wa namna hiyo akisikia, "Tuiombee Uganda," moyo wake wasema nini? Tusimlaumu upesi. Nabii Yona naye alitumwa Ninawi, mji wa adui zake, akakimbilia merikebuni kwa kuwa hakupenda wasamehewe. Mungu hakumwambia kwamba Waninawi hawakutenda uovu. Alimwonyesha kwamba ndani ya mji ule wamo watu wengi wasiojua hata kupambanua, na wanyama pia, naye awahurumia. Kuliombea taifa si kuyaita maovu yake mema. Ni kukataa kumfanya mtoto wa huko alipe deni la mtawala wake. Leo mfanya biashara wa Uganda akisimama Kirumba, huenda alizaliwa baada ya vita vile. Yeye ametudai nini, nasi twamdai nini?

Labda mtu atauliza, "Mimi maskini wa mwaloni, sala yangu itafanya nini Goma au Bujumbura?" Twajibu: kazi ya Mungu huko hatuwezi kuipima, lakini kazi ya sala hapa twaweza kuiona. Mtu aliyemtaja Mkongo mbele ya Mungu usiku, asubuhi atamwekaje kidole kwenye mizani? Atamtajiaje bei ya mgeni kwa sababu ya lafudhi yake? Maandiko yasema wazi kwamba mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana. Mji wa Goma ulipotekwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari 2025, mama auzaye samaki kwa watu wa huko alikuwa na sababu ya kuuliza, "Wateja wangu wako hai?" Swali hilo tayari ni nusu ya sala. Nusu ya pili ni kupiga magoti.

Basi twatoa shauri kwa nyumba zetu na kwa walimu. Chagueni taifa moja kwa kila juma. Watoto wajifunze mambo matatu juu yake: liko wapi, lina shida gani, na limetupa sisi nini. Mwalimu atundike ramani ukutani, aonyeshe kwa kidole. Wasalio rozari waweza kufuata desturi aliyoianzisha Askofu Fulton Sheen mwaka 1951: kumi la kijani kwa Afrika, jekundu kwa Amerika, jeupe kwa Ulaya, la buluu kwa visiwa vya Pasifiki, na la manjano kwa Asia. Ijumaa Kuu, padre anapoziimba zile sala kuu kwa ajili ya watu wote, hata wasiomjua Kristo, tusichoke kwa urefu wake. Na Dominika ya Misioni ya mwezi wa Oktoba, iliyowekwa mwaka 1926, ituone tumekwisha kuyajua baadhi ya majina.

Wala msiliache taifa lile mnaloona vigumu kulitaja. Pengine ndilo Mungu anangoja mlitaje kwanza. Mkisema usiku wa leo, "Na mataifa yote ya dunia," tuieni kidogo kabla ya Amina, mtaje moja kwa jina lake. Na kesho, akija mtu wa taifa hilo mwaloni, mpimieni gunia lake sawasawa.