Adui Mwenye Ufunguo wa Mlango Wetu

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nimeiandika kwenye insha mara nyingi ili nipate alama tu. Muhula wa kwanza mwaka huu niliielewa kwa jicho langu mwenyewe, na ndiyo maana nimeshika kalamu niwasimulie, walimu wangu na wanafunzi wenzangu.

Asubuhi moja jirani yangu wa dawati alikuja shuleni macho yameiva kama nyanya, machozi yanamtoka. Darasa zima likapiga kelele. Wengi wetu hapa Theta tumekua tukiambiwa eti macho mekundu huambukizwa kwa kutazamana. Basi nilihamisha kiti changu mpaka dirishani, nikamwambia kwa sauti ili wengine wacheke, "Wee, usinitazame!" Hakujibu kitu. Aliinamia kitabu chake mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Kesho yake hakuja, na mtihani wa katikati ya muhula ukampita.

Kumbe siku moja kabla, tulipotoka uwanjani, nilikuwa nimeazima leso yake nikajifuta vumbi usoni. Baada ya wiki moja hivi niliamka kope zimegandana. Mama alinipeleka zahanati. Daktari alisema yaelekea ni adenovirusi. Hakuniuliza nilimtazama nani. Aliniuliza nilijifuta kwa kitambaa cha nani.

Nilipopona nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia, naye akanieleza mambo ambayo sikuyatarajia. Adenovirusi viligunduliwa Marekani mwaka wa 1953 na Wallace Rowe na wenzake, katika vinyama vya nyuma ya pua ambavyo watoto walitolewa hospitalini. Ni vidogo mno: ukivipanga mstari mmoja, zaidi ya 10,000 vitaenea katika milimita moja ya rula. Kila kimoja kina gamba lenye pande 20 na pembe 12, na katika kila pembe umechomoza unywele wenye kirungu kwenye ncha.

Kirusi hiki hakina miguu wala mabawa, kwa hiyo hakiwezi kuruka kutoka jicho hadi jicho kwa kutazamana. Hubebwa na mkono, leso au taulo, na chaweza kukaa kwenye kitu kikavu siku nyingi kikingoja.

Kikifika kwenye seli hakivunji mlango. Kirungu kile hutafuta mahali pa kushika. Aina nyingi hushika protini iitwayo CAR. Sasa sikilizeni ajabu: protini hiyo haikuwekwa pale kwa ajili ya kirusi. Kazi yake ni kuzisaidia seli zishikane na jirani zake! Aina nyingine, kama ile ya 37 inayougua macho ya watu, hushika sukari zilizo juu ya seli. Kisha kitako ambacho unywele umesimama juu yake hushika protini za pili, integrini, na seli ikadhani imeletewa kitu cha kumeza. Hukimeza kirusi ndani ya kifuko. Humo gamba huanza kufunguka, kirusi hupasua kifuko, kikatoka na kusafirishwa kwenye njia za seli yenyewe, kama abiria wa matatu ya Thika Road, mpaka kwenye kiini. Hapo DNA yake huingia, na seli huacha kazi yake ikaanza kutengeneza virusi. Safari ya kutoka mlangoni mpaka kwenye kiini yaweza kuchukua saa moja hivi, yaani chini ya vipindi viwili vya darasani.

Nilimwuliza mwalimu kama ufunguo huo hauwezi kutumika kwa wema. Akacheka. Alisema chanjo ya AstraZeneca ya Uviko ilitengenezwa kwa adenovirusi vya sokwe vilivyoondolewa uwezo wa kuzaana, vikabebeshwa ujumbe wa kuufundisha mwili kujikinga. Mwaka wa 2020 ilijaribiwa kule Kilifi na watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, na tarehe 3 Machi 2021 dozi zaidi ya milioni 1 zilifika Nairobi. Walimu walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuchanjwa. Mlango ni ule ule. Tofauti ni mzigo anaobeba mgeni.

Nilitoka pale nimejaa aibu. Kirusi kilipitia mahali ambapo jirani hushikana na jirani yake, lakini mimi ndiye niliyemwachilia jirani yangu. Leso yake aliniazima kwa wema, nami nikamlipa kwa kicheko.

Jumamosi nilienda kwao na madaftari yangu yote ili anakili masomo yaliyompita. Nilimkuta akifua nje. Nilisimama nikakosa maneno, mwishowe nikasema, "Nisamehe." Akaniangalia machoni bila kupepesa. "Leo huogopi nikikutazama?" Nikamwambia siogopi. Akapangusa mikono, akaleta viti viwili, tukakaa tukaandika mpaka jua likazama.

Wenzangu, ukiona mwenzako ana macho mekundu, mtazame na umpe pole. Kila mtu awe na leso na taulo yake. Tunawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, tusisugue macho, na mgonjwa aende kwa daktari. Kalamu naiweka chini.