Kiraka cha kwenye injini



Marehemu baba alituachia Peugeot 504. Nilipopata mteja, nikamwita fundi hapa Jang'ombe, maana gari ilikuwa inakula petroli na ndani mna spea tusizozijua.

"Kwanza soma jina kwenye chuma," akasema. Tukaisugua kabureta kwa mafuta ya taa, likatokea: Aisan. Hiyo ni ya Kijapani, ya Toyota. 504 nyingi zilitoka na Solex ya Kifaransa. Chini yake mna kipande cha alumini kilichokatwa kwa mkono. Nikapima kwa futi yangu ya cherehani, tundu hadi tundu: ya juu na ya chini hayalingani. Mimi mshonaji, kiraka nakijua.

Kaka akaniambia, "Nyamaza, si inawaka?" Usiku sikulala. Mteja ni kijana, anataka kumchukulia bi harusi wake.

Asubuhi nikamfunulia boneti, nikamwonyesha. Akapunguza laki tatu. Iliniuma, lakini pesa ya kuficha aibu haina baraka.

Nawe bi harusi mtarajiwa, lenye kasoro liseme kabla ya ndoa. Allah atupe ukweli. Amin.