Kijiji kinachotunzwa kwa moshi katikati ya theluji

Wengi wanaofunga safari kwenda Japani kutalii hungojea Aprili, maua ya mcheri yanapochanua, au Novemba, majani yanapogeuka mekundu. Majira hayo ni mazuri, sikatai, lakini mara nyingi utakachokiona ni visogo vya watu. Mwaka wa 2024 pekee nchi hiyo ilipokea wageni zaidi ya milioni 36. Mimi nilikwenda Februari. Si kwamba nilikuwa mwerevu, msomaji. Likizo yangu iliangukia hapo na nauli ilikuwa nafuu.

Mpwa wangu anasomea uhandisi katika mji wa Kanazawa, ulio upande wa Bahari ya Japani. Alikuwa ameniandikia kwa ufupi: "Mjomba, njoo na koti." Nilibeba koti langu la Limuru nikadhani nimemaliza kazi. Nilipotoka nje ya stesheni ya gari-moshi nilitambua kwamba baridi ya Limuru ni kitinda mimba tu katika ukoo huu.

Sababu ya baridi hiyo yafaa kuelezwa, hasa kwa wanafunzi. Upepo mkavu kutoka Siberia huvuka bahari ambayo maji yake yana joto kuliko hewa iliyo juu yake. Hunyonya unyevu njiani, kisha hugonga milima ya Japani na kuumwaga wote kama theluji. Na theluji ya upande huu si ile nyepesi kama pamba. Ina majimaji, ni nzito, na huvunja matawi.

Ndiyo maana katika bustani ya Kenrokuen, ambayo Wajapani huihesabu miongoni mwa tatu zilizo bora zaidi nchini mwao, nilikuta misonobari imefungwa kamba. Katikati ya kila mti husimamishwa mlingoti mrefu, na kutoka kileleni kamba hushuka pande zote, kila moja ikishikilia tawi lake, hata mti ukaonekana kama mwavuli uliobaki mbavu tupu. Msonobari mmoja hapo, uitwao Karasaki, hufungwa kamba zipatazo 800. Kazi huanza tarehe mosi Novemba na kamba huanza kufunguliwa katikati ya Machi. Asubuhi ile tulikuwa watu wachache mno bustanini. Kilichosikika ni theluji ikiporomoka kutoka matawini, puu, kisha kimya tena.

Kesho yake tukapanda basi kwenda kijiji cha Ogimachi katika bonde la Shirakawa-go, safari ya saa moja na robo hivi. Ni heri uhifadhi kiti mapema. Na ukitaka kimya, uepuke zile jioni chache za Januari na Februari ambapo kijiji huwashwa taa. Hizo zina watu tele. Sisi tulikwenda Jumanne, tukalala.

Picha za kijiji hicho nilikuwa nimeziona kwenye kalenda. Ni nyumba kubwa za nyasi, paa zake zimesimama wima kama viganja viwili vilivyounganishwa kwa sala, na jina lao kwa Kijapani, gassho, lina maana hiyo hiyo. Wima huo huisaidia theluji kuteleza. Mbao za paa hazikupigiliwa misumari. Zimefungwa kwa kamba na fito, hivyo paa hupinda kidogo likilemewa badala ya kuvunjika. Zamani darini walifuga viwavi wa hariri.

Lakini kalenda haikunionyesha mzee aliyekuwa na beleshi mkononi, akichimba njia mlangoni pake alfajiri. Wala haikunionyesha moshi.

Tulikolala, mama mwenye nyumba, aliyepita miaka 70, alikuwa na meko ya mraba katikati ya sakafu, birika likining'inia juu ya makaa. Chakula alikipikia kwenye jiko la gesi, chumba cha pili. Nikamwuliza kupitia kwa mpwa wangu: basi huu moto ni wa nini, ni wa kuwafurahisha wageni?

Alicheka. Moto, akasema, ni wa paa. Moshi hupanda kupitia nyufa za dari, hukausha nyasi na kamba, na kuwafukuza wadudu. Nyumba isiyowashwa moto huoza haraka. Hata hivyo, kila baada ya miaka 30 au 40 paa lazima liezekwe upya, na upande mmoja tu huhitaji watu 100 hadi 200. Kazi hiyo walizoea kuifanya kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Sisi tungeiita harambee, wao huiita yui. Siku hizi vijana wamekwenda mijini, akaongeza, na mikono haitoshi.

Nyumba hizi zilikaribia kutoweka. Bwawa la umeme la Miboro, lililokamilika mwaka wa 1961, lilizamisha vijiji vya juu ya mto huo huo, na nyumba nyingine ziliuzwa au kuungua. Ndipo mwaka wa 1971 wenyeji wa Ogimachi wakawekeana ahadi tatu: hatuuzi, hatukodishi, hatubomoi. UNESCO ilikitambua kijiji kuwa urithi wa dunia mwaka wa 1995, yaani miaka 24 baada yao.

Usiku theluji ilianguka bila sauti. Tulikaa mekoni, macho yakituwasha kwa moshi, boriti juu yetu nyeusi tititi kwa masizi. Mpwa wangu akaziangalia kwa muda mrefu.

"Mjomba, lile jiko la nyanya, la nyasi, nani alilibomoa?"

"Ni mimi," nikamwambia. Mama alikuwa akikohoa kila usiku, na mabati yalikuwa yameshanunuliwa. Ningelibomoa tena.

Hakujibu. Mama mwenye nyumba, ambaye hakuelewa hata neno moja, aliongeza kuni.