Bluebird Yarejea Coniston

Kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika nchi ya milima na maziwa, kuna kijiji kiitwacho Coniston. Kando yake limelala ziwa jembamba lenye urefu wa kilomita nane hivi. Tulifika hapo kuitazama mashua moja tu, Bluebird K7, ya rangi ya buluu kutoka omo hadi tezi, iliyowekwa katika Makumbusho ya Ruskin.

Si mashua kama tuzijuazo Lamu au Mombasa. Mataruma yake ni ya chuma yaliyovikwa bati la aluminiamu, na huendeshwa kwa injini ya ndege. Ikishika kasi huinuka, ikawa yagusa maji mahali patatu tu: pawili mbele na pamoja nyuma. Wepesi huo ndio siri ya mwendo wake, na ndio hatari yake pia. Kwani mbele ikiinuka kupita kiasi, upepo huingia chini yake ukaipindua.

Mwenyewe, Donald Campbell, aliirithi kazi hii kwa babake, Sir Malcolm, aliyeweka rekodi ya kasi katika ziwa hilihili mwaka 1939. Kati ya 1955 na 1964 Donald aliweka rekodi saba za dunia kwa Bluebird, nne kati ya hizo hapa Coniston. Tarehe 4 Januari 1967 alikusudia kuvuka maili 300 kwa saa. Safari ya kwanza alifikia maili 297, yaani kilomita 478 hivi. Katika ya pili mashua iliruka, ikapinduka na kuvunjika. Campbell akazama nayo.

Kwa miaka 34 hakuwa na kaburi. Mwaka 2001 wazamiaji walioongozwa na Bill Smith waliopoa mabaki ya mashua, kisha mwili wa marehemu. Septemba mwaka huo akazikwa Coniston, na mwanawe wa pekee, Gina, akapata hatimaye mahali pa kumzuru babake.

Likabaki suala la mashua. Chombo kilichomwua mzazi chatengenezwa kwa nini? Wapo walioona kiachwe kilivyopondeka, kiwe ukumbusho wa msiba. Gina na jamaa zake waliona vingine, na mwaka 2006 wakaikabidhi kwa makumbusho. Mafundi wa kujitolea huko North Shields hawakuunda nakala mpya. Walinyoosha bati lililopindika, kipande baada ya kipande, wakitumia cha zamani kila ilipowezekana. Agosti 2018 Bluebird ilikwenda tena majini, katika ziwa Loch Fad, Scotland. Kisha ukawapo mvutano mrefu juu ya mwenye haki nayo, hadi iliporejeshwa Coniston Machi 2024.

Sisi watu wa pwani twajua kwamba jahazi hubadilishwa ubao mmoja mmoja na jina lake likabaki. Hapa tulijifunza la ziada: kutengeneza si kufuta yaliyotokea. Kaburi la Campbell li papo hapo kijijini, na tarehe imeandikwa. Lakini atazamaye Bluebird leo haoni ajali peke yake. Aona pia kazi aliyoipenda marehemu, na subira ya binti aliyetaka babake akumbukwe kwa uhai wake, si kwa kifo chake tu.